Stourhead kwa siku moja kutoka London

Ndugu uliyeuliza kama Stourhead, ile nyumba ya kifahari yenye bustani na ziwa huko Wiltshire, Uingereza, inafaa kwenda na kurudi siku moja kwa treni: inafaa kabisa. Panda stesheni ya Waterloo, London, treni ya kuelekea Exeter, ushuke Gillingham ya Dorset baada ya saa mbili hivi. Kagua tiketi vizuri, maana kuna Gillingham nyingine Kent, upande mwingine kabisa wa London. Toka stesheni ni kama kilomita 11, na teksi ni chache. Agiza mapema ya kwenda na ya kurudi.

Anza na bustani, kwani nyumba hufunguliwa baadaye. Teremka kutokea upande wa nyumba, kisha zunguka ziwa likiwa kushoto kwako. Hivyo ndivyo Henry Hoare, mwenye nyumba hiyo, alivyoipanga bustani karne ya 18: Pantheon, jengo la mfano wa hekalu la Kirumi, unaiona kwanza ng'ambo ya maji, miti inaificha, unapita kwenye pango, halafu inakutokea karibu. Ukizunguka kinyume, utamu huo unaukosa.

Mzunguko ni kama kilomita mbili na nusu, lakini tenga saa mbili. Pangoni kuna giza, na mawe huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno. Njia ya kulikwepa ipo. Mwinuko wa Hekalu la Apollo ni mkali, ila usiuache: ziwa zima unaliona kutoka pale.

Maua ya rododendroni ni Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Rangi za majani, mwishoni mwa Oktoba.