Jagi langu limebishana na AI, nani mkweli?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Mbeya, shuleni kwao vifaa vya maabara havitoshi basi nikamwambia tumia hata jagi la umeme la jikoni. Akaweka maji lita 1 ya nyuzi 20, jagi limeandikwa wati 1500, akaiuliza AI kwenye simu yatachemka baada ya muda gani, ikamjibu dakika 3 na sekunde 44. Tukawasha saa 2 usiku, yakachemka baada ya dakika 5 na sekunde 10! Jagi bovu au AI inatudanganya?
Mama mwenye jagi, Mbeya

JIBU: Marahaba mama. Jagi lako zima, na hesabu ya AI iko sawa, nimeirudia kwa kalamu: kilo 1 mara 4,200 (jouli za kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja) mara nyuzi 80 ni jouli 336,000, gawa kwa 1500 unapata sekunde 224. Shida ni kwamba imepiga hesabu ya jagi ambalo halipo. Haijui mko Mbeya wala haijui kwamba saa 2 usiku mtaa mzima umewasha kila kitu, na ukute kijana hakuiambia.

Mbeya mko juu kama mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, sio 100 (ndo maana maharage kwenu yanamaliza mkaa kuliko ya Dar). Ila hapo muda ulitakiwa upungue, nyie umeongezeka, kwahiyo mchawi ni mwingine.

Mimi nashuku umeme. Zile wati 1500 ni za volti kama 230, zikishuka mpaka 200 nguvu inashuka kwa mraba, mnabaki na wati 1130 na kitu. Mtahakikishaje bila kifaa? Nendeni kwenye mita ya LUKU, kuna kitaa chekundu kinapepesa. Zimeni friji, taa, tivii, kila kitu libaki jagi tu, mhesabu kinapepesa mara ngapi mpaka maji yachemke. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh (yaani mipepeso 1000 kwa kila uniti ya umeme), kila mpepeso ni jouli 3,600 (kama ni 1600 basi ni 2,250). Tuseme mmepata 98 ndani ya zile sekunde 310: 98 mara 3,600 ni 352,800, gawa kwa 310, wati 1138! Maji yenyewe kutoka nyuzi 20 mpaka 94 yamekula 310,800, zilizobaki zimepasha jagi na hewa ya jikoni. Mita ikiwa juu ya nguzo basi mmoja akae nje, mwingine apige kelele yakichemka.

AI muirudie baadae, mumwambie kijana aiulize "umechukulia volti ngapi, na maji yanachemka kwa nyuzi ngapi?" Ila namba zake aziandike kwenye daftari KABLA hajauliza, mi wanafunzi nawajua, wakishaona jibu la simu wanapika data ifanane.

Na tafadhali msitumbukize kipimajoto cha homa humo, kile kinaishia nyuzi 42, kitapasuka. Cha kupimia nyama kinatosha, na mpime maji mkishazima jagi na kuchomoa waya.

Rudieni saa 12 asubuhi watu wakiwa bado wamelala, lita ileile, jagi lilelile, halafu nitumieni idadi ya mipepeso na sekunde zake.