Alikuwa Akivua Saa: Namna ya Kuwaandika Waliotutoka

Taazia ya kwanza niliyoiandika ilikuwa na maneno kama 200, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Marehemu alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu. Niliandika kwamba alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, nguzo ya jamii, na kwamba ameacha pengo lisilozibika. Nikampelekea binti yake aipitie kabla haijaingia kwenye kijitabu cha kumbukumbu ambacho jumuiya yetu hukitoa kila mwisho wa mwaka. Akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza akanirudishia karatasi taratibu, akasema, "Ahsante sana, kaka. Ila huyu uliyemwandika mimi simfahamu."

Hakusema kwa ukali, ndiyo maana yakaniingia. Nikamwomba aniambie yeye anamfahamu yupi. Akafikiri kidogo. Akasema mtoto yeyote alipomfuata baba kumweleza jambo, awe wa kwake au wa jirani, baba alikuwa anavua kwanza saa ya mkononi na kuitia mfukoni, ndipo anasema, "Haya, nakusikiliza." Huku akinieleza, binti alijishika kifundo cha mkono na kunionyesha jinsi baba alivyokuwa akifungua mkanda wa ile saa kwa kidole gumba, bila kuutazama.

Nilirudi nyumbani nikafuta yote, nikaanza upya na ile saa.

Miaka 11 imepita tangu siku hiyo, na nimeshaandika kumbukumbu za watu zaidi ya 60. Wengi hunifuata wakitaka kuwaandikia wazazi wao, majirani au viongozi wao wa vikundi, na ninachowaambia ni hiki: sifa inamfaa kila marehemu, tendo linamfaa mmoja tu. Ukimaliza kuandika, ondoa jina lake uweke la marehemu mwingine. Kama maandishi bado yanakaa sawa, hujaanza.

Sisemi sifa za msibani zina kosa. Zile siku za mwanzo mfiwa anazihitaji kama anavyohitaji mtu wa kumshika mkono, na mwenye kuzitoa anazitoa kwa moyo safi. Lakini kazi ya kumbukumbu ni nyingine. Ni kumwezesha mjukuu ambaye hajazaliwa amwone babu yake akitembea.

Tofautisha mambo mawili tangu mwanzo. Tanzia ni tangazo: nani amefariki, lini, mazishi wapi. Hiyo inatakiwa haraka na iwe sahihi. Hakikisha herufi za jina, umri na mpangilio wa familia, msomee mtu mmoja wa nyumbani, basi, toa. Taazia, yaani maelezo ya maisha yenyewe, haina haraka ya namna hiyo. Wiki ya kwanza mimi siulizi kitu. Nakaa na wafiwa, nasaidia kubeba viti, nasikiliza. Narudi baada ya wiki tatu mpaka sita, wageni wakishapungua na simu zikinyamaza. Huo ndio wakati mfiwa anapotamani kuzungumza na hakuna tena anayeuliza. Ila usikae mwaka mzima. Nimewahi kuahirisha kwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa ndiye pekee anayejua utoto wa marehemu, na nilipofika naye alikuwa ameshazikwa. Ukurasa ule mpaka leo unaanzia marehemu akiwa na miaka 20.

Sasa maswali, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Usiulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo mfiwa ameshalijibu mara mia, na jibu lake limekuwa laini kama jiwe la mtoni. Atakuambia alikuwa mpole. Uliza vitu vinavyoshikika. Asubuhi akiamka alianza na nini? Alikuwa anakaa upande gani wa meza? Neno gani hakuishi kulirudia? Nani alimchekesha? Nini kilimkera mpaka akainuka na kutoka? Mikono yake ilijua kazi gani ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeijua? Kitu gani hakutaka kitupwe?

Mfano. Nilikwenda kwa mjane wa dereva wa basi aliyekaa kwenye usukani karibu miaka 30. Kwa muda mrefu nilipata maneno matatu tu: mpole, mchapakazi, hakuwa msemaji. Nikamuuliza, "Shikamoo tena mama, nisamehe kwa swali la ajabu. Akirudi kazini, ulikuwa unajuaje kwamba amefika?" Akanyamaza. Kisha akasema alikuwa akisikia injini ya gari lao ikizimwa nje, halafu mlango wa gari haufunguki. Mume wake alikuwa anabaki ndani ya gari gizani dakika tano, wakati mwingine kumi, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Yeye alikuwa anamwona kupitia dirishani. Halafu anashuka, anaingia akitabasamu, anasalimia watoto. "Sikuwahi kumuuliza anafanya nini mle," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu."

Niliandika hivyo hivyo. Sikueleza maana ya zile dakika, kwa sababu mkewe mwenyewe hakuijua na mimi sina haki ya kumbunia. Watu waliopanda basi lake miaka yote hiyo walinijia mmoja mmoja baada ya kusoma, na hakuna aliyezungumzia upole. Walizungumzia gari lililozimwa.

Wahoji watu mmoja mmoja. Wakikaa sebuleni sita, mkubwa wao akaanza kusimulia, wengine wanaishia kuitikia, na baada ya nusu saa wote wanakumbuka kama alivyokumbuka mkubwa. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alichapisha mwaka 1932 majaribio ambayo watu walisomeshwa hadithi ya ugenini, kisha wakaombwa kuisimulia tena na tena, wengine baada ya wiki, wengine baada ya miezi. Kadiri walivyorudia ndivyo hadithi ilivyofupika, na yale yaliyokuwa mageni yakadondoka au yakageuzwa yafanane na mambo waliyoyazoea. Marehemu naye ndivyo anavyogeuzwa. Kinachotangulia kupotea ni kile kilichomfanya asifanane na wengine.

Wakitofautiana, usiamue. Fundi cherehani mmoja aliacha watoto wawili. Kaka anasema mama alikuwa akiimba akishona. Dada anasema mama hakuimba hata siku moja, alikuwa anahesabu mishono kwa sauti ya chini. Nimeweka yote mawili, na nadhani ukurasa wake ni kati ya bora nilizowahi kuandika, kwa sababu ukiusoma unaisikia ile sauti ya chini hata kama hujui ilikuwa ikisema nini.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni marehemu aliyeumiza watu. Mwaka fulani niliandika kwamba mzee mmoja alikuwa "baba mwema wa familia". Niliyapata maneno hayo kwa rafiki zake na sikwenda kwa watoto. Mwanawe mkubwa alinipigia simu. Hakunitukana, aliniambia tu kwamba alikifunga kijitabu alipofika mstari ule na kwamba hatakifungua tena. Kosa lilikuwa langu na limenifundisha kwa maumivu. Kunyamazia jambo kunaweza kuwa heshima. Kumpa mtu wema asiokuwa nao ni kumwambia aliyeumizwa kwamba hakuumizwa. Siku hizi mtu wa aina hiyo namwandikia kazi aliyoifanya, mahali alipoishi, kitu alichokijenga kama kipo, na nakomea hapo. Ukurasa mfupi wa kweli unatosha.

Akiwa amejiua, uwe mwangalifu mara mbili. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa wanahabari kuhusu habari za namna hii, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000 na jipya mwaka 2023, na mambo yake makuu yanafaa hata kwa mwandishi wa kijitabu kidogo kama mimi: usieleze njia aliyotumia wala mahali, usidai sababu moja, usikifanye kifo kionekane kama jibu la matatizo. Maelezo hayo yanaweza kumwathiri msomaji aliye kwenye hali kama hiyo. Waulize wafiwa wanataka kisemwe nini, na wewe tumia nafasi yako kuandika alivyoishi.

Jambo jingine watu hulisahau: usalama wa waliobaki. Tarehe kamili ya kuzaliwa ya marehemu, majina kamili ya mama yake na anwani ya nyumba, vikiwekwa pamoja hadharani, ni zawadi kwa matapeli wanaofungua akaunti kwa majina ya wafu. Mwaka wa kuzaliwa unatosha. Na usitangaze saa ambazo nyumba itakuwa tupu.

Kuhusu picha na sauti nitasema kwa ufupi. Leo hii andika nyuma ya picha majina ya waliomo, kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Picha ya karatasi iskani kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi) angalau, na ikiwa ndogo kama ya pasipoti panda mpaka 600. Wanaokusimulia warekodi kwa simu kama wamekubali, kisha weka nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Sauti ya mjane akimsimulia mumewe itakuja kuwa kumbukumbu ya mjane mwenyewe.

Urefu usikutishe. Tarehe 24 Mei 2020, gazeti la New York Times lilijaza ukurasa wake wa mbele, na kuendelea kurasa za ndani, majina ya watu karibu 1,000 waliokufa kwa korona nchini Marekani, na kila jina likafuatwa na kipande kifupi cha maneno kuhusu maisha yake, mara nyingi hata sentensi kamili haikuwa. Nilizisoma zile safu nyembamba kwa saa nzima. Mtu anaweza kukaa ndani ya maneno manane, ilimradi maneno manane hayo yawe ya kwake.

Hilo ndilo limenisaidia kwa wale wanaokufa bila mtu wa kuhojiwa. Kila jumuiya inao. Hawana mtoto wa kusimama mlangoni na kusema huyu simfahamu, kwa hiyo ni rahisi kuwaandikia "alikuwa mtu wa watu" na kuendelea na mwingine. Kwao naanza na mahali. Msanii Mjerumani Gunter Demnig, tangu miaka ya 1990, amekuwa akipachika kwenye njia za waenda kwa miguu vijiwe vyenye bamba dogo la metali, mbele ya nyumba walimoishi watu waliouawa au kuteswa na utawala wa Wanazi. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimetimia 100,000. Vingi vinaanza kwa maneno mawili tu, "Hapa aliishi." Nami naanzia hapo hapo. Nakwenda kwenye mlango wa marehemu, nagonga wa kulia kwake, nagonga wa kushoto, nauliza aliyekuwa akimuuzia vitu, aliyekuwa akipishana naye njiani. Nauliza maswali yale yale: alikuwa anabeba nini mkononi, alisalimiaje, alikaa wapi jua likizama.

Nyumbani ninalo daftari kubwa ambalo kijitabu hutolewa humo. Kila mtu ana ukurasa wake na sijazi ukurasa wowote mpaka chini, kwa kuwa watu hukumbuka baadaye. Mtu anakuja baada ya miaka miwili, anasema, "Lile la saa umeliandika, lakini je, unajua ile saa aliipata wapi?" Basi tunalifungua daftari tunaongeza.

Ukurasa ambao umenitaabisha kuliko yote ni wa mlinzi wa usiku aliyefariki mwaka jana. Hatukupata ndugu, wala picha. Niligonga milango 14. Wengi walikuwa wakimfahamu kwa tochi yake tu, na jina lake kamili tulilipata kwenye kitambulisho chake baada ya kifo. Nilichokusanya ni mistari mitatu.

Ukiisahau taa ya nje ikiwaka, alfajiri alikuwa akigonga dirisha mara mbili, kwa ukucha, asije akamwamsha mtoto.

Redio yake ilifungwa kwa mpira ili betri zisidondoke, na aliisikiliza ikiwa sikioni.

Kila mtoto aliyekwenda shule, mlinzi alimwita "bosi" na kumfungulia geti kwa mikono miwili.

Chini yake nimeacha ukurasa wote uliobaki.