Mtu hamilikiwi, mtu ana kwao

Swali: Nilikuwa natafsiri makala ya malezi kutoka Kiingereza, nikaandika: "Kila kijana anahitaji hisia ya kumilikiwa na jamii yake." Mhariri ameikata sentensi hiyo bila maelezo. Kosa liko wapi, na Kiswahili chake ni kipi?

Jibu: Mhariri wako alikuwa na haki ya kuikata, ingawa ilimpasa akueleze. Sarufi ya sentensi yako haina kasoro. Kilichopotoka ni maana. Neno la Kiingereza ulilokuwa unalitafsiri, bila shaka "belong" au "belonging", hubeba mambo mawili kwa pamoja: kitu kuwa mali ya mtu, na mtu kuwa mmoja wa watu fulani. Kiswahili hakiyaweki mambo hayo chungu kimoja.

Kumiliki ni kwa mali: shamba, nyumba, kampuni, hisa. Tena hata kwa vitu, kitenzi hiki kina uzito wa hati na sheria. Kalamu iliyo mfukoni mwako "haimilikiwi na wewe". Ni yako, basi. Ukisema mtu anamilikiwa, msomaji wa Kiswahili anamwona mtumwa, na hapo ndipo sentensi yako ilipoumia.

Kwa watu, lugha yetu ina njia nyingine, na ninayoipenda kuliko zote ni neno dogo: kwetu. Litazame kwa karibu. Ni kile kimilikishi -etu tunachokijua katika "kitabu chetu", ila hapa kimepatana na mahali, ndiyo maana kimeanza na kw-. Mtu anayeishi peke yake atakukaribisha "kwangu", yaani pale anapolala na kupika. Lakini akizungumzia alikotoka, atasema "kwetu", kwa wingi, hata kama amesimama peke yake mbele yako. Nasi tukitaka kujua asili ya mtu mmoja tunauliza, "Kwao ni wapi?" Tukiuliza "Kwake ni wapi?" tutaelekezwa nyumba anayokaa. Umoja unataja makazi, wingi unataja watu wake. Sijui namna fupi zaidi ya kusema kwamba mtu ana watu.

Wahenga waliliona hilo waliposema: mkataa kwao mtumwa. Angalia maneno yaliyokabilishwa humo. Upande mmoja kwao, upande wa pili mtumwa, yaani yule anayemilikiwa hasa. Sentensi yako, bila wewe kukusudia, ilimtakia kijana kile ambacho methali inamwonya nacho.

Kuna pia mwana. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwanachama ni mwana wa chama, mwanakijiji vivyo hivyo, na wingi wake ni wananchi, wanachama, wanakijiji. Kundi limefanywa mzazi, si mmiliki. Halafu kuna mwenzetu, yaani mwenzi wetu, neno linalomwingiza mtu ndani ya kundi kwa pumzi moja. Mgeni siku akiitwa mwenzetu, anajua kuwa amepokewa.

A-unganifu, yaani ile -a ya "wa", "cha" na "vya", nayo inafaa kwa watu na vitu: "Huyu ni wa ukoo wetu", "Kiti hiki ni cha wazee." Kumbuka tu kwamba inafuata ngeli ya kinachomilikiwa, si ya mwenyewe: kiti cha wazee, viti vya mzee.

Sasa turudi kwenye makala yako. Ningeandika: "Kila kijana anahitaji kujua kwamba ana kwao." Kama makala inazungumzia darasa au timu badala ya ukoo, andika: "Kila kijana anahitaji kujiona mmoja wao" au "kuhesabiwa mwenzao." Nomino "uenyeji" ipo na ni sahihi, lakini huegemea zaidi kwenye kuzoea mahali; mimi nisingeitumia hapa. Na hilo neno "hisia" unaweza kuliacha kabisa, kwa kuwa "kujiona" tayari limeshalibeba.