Nataka kuchangia kodi opensosi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka, niko Moshi huku Majengo, nimemaliza diploma ya IT nipo nipo tu, JavaScript naijua kiasi chake. Kila mtu ananiambia changia opensosi ndo utapata kazi. Nimeingia GitHub nimekuta mafaili kibao hata sijui pa kushika, nikafunga. Halafu bando ndo hivyo tena. Nianzie wapi, na kuna hela humo? – Kijana wa Majengo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Opensosi ni programu ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, iko wazi mtu aisome na kuirekebisha, na GitHub ni tovuti inayohifadhi nyingi ya hizo. Usianze kutafuta projekti yenye jina kubwa, tafuta programu inayofanya kitu unachokielewa. Mfano DHIS2, ile ambayo wizara yetu ya afya inakusanyia takwimu za vituo, watengenezaji wako Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Au OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa. Zote kodi yake iko wazi na upande wa mbele, ule anaouona mtumiaji, wanatumia React, maktaba ya JavaScript, kwa hiyo JavaScript yako haijaenda bure.

Soma kwanza faili linaloitwa CONTRIBUTING, projekti nyingi wanalo, humo wameshasema wanataka nini. Kisha pitia orodha ya matatizo, nyingi wanaweka lebo ya "good first issue" kwa ajili ya wageni kama wewe.

Sasa hapa ndo wengi wanapoharibu, wanakimbilia kuandika kodi. Wewe tulia, jaribu kwanza kuliona hilo tatizo kwenye mashine yako. Wakisema kitufe kinagoma kwenye simu ndogo, kibonyeze hadi kikugomee na wewe. Kisipogoma andika pale pale umetumia toleo gani, brauza gani, umefanya nini, huo nao ni mchango na mimi nauona mkubwa kuliko kodi ya kubahatisha. Kikigoma, tafuta kinatokea faili gani halafu waambie naomba nilishike hili, nafikiri shida iko hapa. Usijifungie mwezi mzima unaandika kimya kimya kumbe kuna mtu keshamaliza, au wenyewe hicho kitu hawakitaki kabisa.

Wakikubali, foku hiyo repo (folda la projekti) iwe na nakala kwako, ishushe, fungua branchi mpya (tawi la kufanyia mabadiliko yako), rekebisha, endesha testi zao, komiti (yahifadhi mabadiliko), push (yapandishe GitHub), fungua pul rekwesti, yaani ombi la wao kuyachukua mabadiliko yako. Kwenye bando shusha kwa amri ya git clone --depth 1 (Git ni programu inayotunza historia ya kodi), inaacha historia ya zamani. Ila mlaji mkubwa ni npm install, amri inayoshusha maktaba zote ambazo projekti inazitegemea, hiyo kaifanyie penye waifai. Baada ya hapo unakomiti hata data ikiwa imekata, Git ndivyo ilivyoundwa tangu Linus Torvalds, muasisi wa mfumo endeshi wa Linux, aitoe 2005, mtandao utauhitaji wakati wa kupush au kuvuta mabadiliko ya wenzako.

Rekebisha hicho kimoja ulichoomba basi. Na angalia edita yako isijipangie faili zima upya, mistari mitatu ikageuka mia nne, ni kama kukaribishwa jikoni kwa watu ukaanza kuhamisha masufuria. Wakikurudishia na maoni usinune wala usifungue pul rekwesti nyingine, rekebisha upush kwenye branchi ile ile, itajisasisha yenyewe. Kimya kikizidi wiki, ulizia kwa adabu, wengi wanajitolea baada ya kazi zao. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, weka na picha ya kabla na baada.

Ila zile za kubadilisha neno moja kwenye README, faili la maelezo ya projekti, ili uonekane umechangia, achana nazo. Hacktoberfest ya 2020, ile kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie opensosi, watu walimwaga takataka hivyo kwa sababu ya tisheti ya zawadi, mpaka waandaaji wakabadili utaratibu mwezi ukiwa ndo umeanza, projekti ijiandikishe yenyewe ndo ishiriki.

Hela? Mara nyingi hakuna. Ila Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalea wachangiaji wapya, wanalipa posho, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi, anayeanza opensosi kama wewe anaruhusiwa, na OpenMRS wameshashiriki miaka mingi. Wanaoingia na pul rekwesti zilizokubaliwa tayari wana nafasi nzuri, kwa hiyo anza sasa hivi, usisubiri watangaze.

SWALI: Nimeajiriwa Arusha mjini, nikichangia usiku kodi ni ya nani? – Dada wa Njiro

JIBU: Soma mkataba wako wa ajira kwanza dada, ipo mikataba inayompa mwajiri kila unachoandika. Kama hauna kipengele hicho na kodi hiyo si sehemu ya kazi uliyoajiriwa kufanya, kwa kawaida haki inabaki yako ila inatoka chini ya leseni ya projekti. Baadhi watakutaka usaini makubaliano, Linux wao wanataka tu mstari wa Signed-off-by kwenye komiti, wa kuthibitisha kwamba una haki ya kuitoa kodi hiyo. Muombe bosi ruhusa kwa maandishi, na usitumie laptopu ya ofisi.