Mwache mgonjwa ajitaje mwenyewe

Wewe unayeanza kazi wodini, unapokwenda kuchukua damu ya kupimwa maabara, usiridhike na "ndiyo" ya mgonjwa. Ukiita "Mary Wanjiku!" katika wodi ya Nairobi, huenda wakaitika wawili. Na mama aliyekesha na homa ataitikia jina lolote ili umalize, apumzike. Muulize: "Mama, niambie majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa." Kisha linganisha na fomu na faili. Kwa wagonjwa wetu wa Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, majina huweza kufanana hadi la babu, kwa hiyo nambari ya mgonjwa isomwe kila mara.

Lebo iandikwe palepale kitandani, damu ikishaingia kwenye chupa. Chupa zilizoandikwa mapema mezani zinaniogopesha, hasa za kupima kundi la damu, kwa sababu mgonjwa akiongezewa damu isiyomfaa anaweza kufa. Mwaka wa 2018, jijini humu, mtu alipasuliwa fuvu kwa upasuaji uliokuwa wa mwenzake. Ilikuwa ni kuchanganya wagonjwa tu.

Sasa potasiamu, madini ya damu yanayogusa mapigo ya moyo, maana hapa ndipo mikono yetu inapodanganya maabara. Usiku mmoja majibu ya mzee wetu yalirudi na potasiamu ya kutisha, ya kusimamisha moyo. Tulimwita daktari mara moja, mzee akapimwa umeme wa moyo, damu ikachukuliwa upya. Ya pili ilikuwa ya kawaida: chembe za damu za sampuli ya kwanza zilikuwa zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Hutokea damu ikisukumwa kwa nguvu kutoka kwenye sirinji, au chupa ikitikiswa badala ya kupinduliwa polepole. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika 1, na usimwambie mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi. Chupa ya kifuniko chekundu ijazwe kabla ya ile ya zambarau, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu. Ikiingia kwenye chupa nyingine, potasiamu hupanda na kalisiamu hushuka. Mkono wenye dripu uache, tumia wa pili. Hata hivyo, jibu la hatari lichukulie kuwa la kweli mpaka kipimo cha pili kikanushe.

Sindano usiirudishie kifuniko. Itie moja kwa moja kwenye kisanduku chake. Ikikuchoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ina faida.

Maabara wakipiga simu na jibu la hatari, liandike, kisha wasomee ulichoandika: jina, nambari, kipimo, kiasi. Mpigie daktari wakati huohuo na uandike saa uliyompata. Usiliache ndani ya faili lisubiri raundi ya asubuhi. Asipopokea, mtafute aliye juu yake, hata kama ni saa nane usiku na unaogopa kufokewa.