Mpangaji Aliyetwaa Kombe: Maswali Yenu kuhusu D.C. United

Katika toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu msimu wa 2013 wa D.C. United, klabu ya soka ya jiji la Washington iliyoshika mkia wa ligi ya Marekani, MLS, ikatwaa kombe, na katika miezi hiyohiyo ikatangaza kwamba hatimaye imepata mahali pa kujenga uwanja wake. Sentensi mbili hazikuwatosha wasomaji. Nimechagua maswali saba, na nimeyapanga kwa namna ambayo jibu moja litalisaidia lifuatalo.

Ni kweli kwamba timu iliyoshinda mechi tatu tu za ligi ilitwaa kombe mwaka uleule? Iliwezekanaje?

Ni kweli. Katika mechi 34 za ligi za mwaka 2013, D.C. United ilishinda 3, ikatoka sare 7 na kufungwa 24, ikamaliza na alama 16. Ilifunga mabao 22 na kuruhusu 59. Ajabu ni kwamba mechi ya kwanza nyumbani, mwezi Machi, waliishinda Real Salt Lake bao 1-0, na aliyetazama siku ile tu asingeweza kukisia msiba uliokuwa ukija.

Kombe lenyewe ni U.S. Open Cup, mashindano ya mtoano yaliyoanza mwaka 1914 na ambayo huzikutanisha klabu za madaraja mbalimbali. Mtoano hausamehi, lakini pia hauulizi ulifanya nini Jumamosi iliyopita. D.C. United ilianza kwa kuponea chupuchupu kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Richmond Kickers, klabu ya daraja la chini, kisha ikaitoa Philadelphia Union siku ambayo Dwayne De Rosario alifunga mabao matatu, ikaitoa New England Revolution, na katika nusu fainali ikaishinda Chicago Fire mabao 2-0 ugenini. Fainali ilichezwa tarehe 1 Oktoba katika uwanja wa Real Salt Lake, timu ambayo miezi miwili baadaye ingecheza fainali ya ligi yenyewe (bingwa wa MLS hupatikana kwa mtoano mwishoni mwa msimu). Lewis Neal wa D.C. United alifunga bao pekee kuelekea mapumziko, na dakika zilizosalia zilikuwa za kipa Bill Hamid na mabeki wake kujitupa mbele ya kila mpira.

Wapo wanaosema lilikuwa kombe la bahati. Mimi sikubaliani nao kabisa. Timu isiyo na washambuliaji wa kutegemewa hulazimika kucheza kwa kujihami, na katika mechi 34 za ligi mbinu hiyo humaliza pumzi, ilhali katika mechi tano za mtoano inaweza kukufikisha mbali ikiwa kipa wako ana siku njema. Hamid alikuwa nazo kadhaa.

Kwa nini haikushuka daraja?

Kwa sababu MLS haina kushuka wala kupanda daraja. Anayeshika mkia hupewa kipaumbele katika kuchagua chipukizi wanaotoka vyuoni, na D.C. United ilipewa nafasi ya kwanza kabisa kwa mwaka 2014. Iliiuza nafasi hiyo kwa Philadelphia Union, ambao walimchukua kipa Andre Blake, na yenyewe ikamchagua wa pili, beki Steve Birnbaum, aliyeitumikia klabu kwa miaka mingi. Msomaji aliyezoea ligi ambamo kushuka daraja ni sawa na kufilisika ataona huu ni upendeleo, na kwa kweli ni upendeleo. Bila ya upendeleo huo, hata hivyo, mazungumzo ya uwanja ninayoyaeleza hapa chini yangekuwa magumu mno, kwa kuwa hakuna jiji ambalo lingetoa ardhi na mamilioni ya dola kwa klabu inayoweza kuwa daraja la pili ifikapo mwakani.

Klabu yenye mataji manne ya ligi ilikosaje uwanja wake mwenyewe? Na RFK, uwanja waliokuwa wakipanga, ulikuwa na ubaya gani?

Swali hili ndilo kiini cha jambo zima, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa nalo.

D.C. United ilikuwa miongoni mwa timu zilizoanzisha ligi mwaka 1996, na ilitwaa ubingwa mwaka huo, kisha 1997, 1999 na 2004. Katika miaka ile ya mwanzo karibu kila klabu ya MLS ilikuwa mpangaji katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya mchezo mwingine, kwa hiyo kupanga hakukuwa aibu. Uwanja wa RFK, uliofunguliwa mwaka 1961 na baadaye kupewa jina la Robert F. Kennedy, ulikuwa mali ya jiji, wenye nafasi ya watu zaidi ya 45,000, na ulijengwa ili uchezewe besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani. Timu ya mpira huo wa Kimarekani iliondoka mwishoni mwa mwaka 1996. Timu mpya ya besiboli, Washington Nationals, iliingia mwaka 2005, ikakaa misimu mitatu, na mwaka 2008 ikahamia katika uwanja mpya uliojengwa kwa fedha za umma. Aliyebaki ni D.C. United peke yake, ndani ya nyumba kubwa iliyokuwa ikizeeka, ambayo mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuikarabati.

Mnapohesabu hasara ya kupanga, msianze na kodi. Klabu ya soka huishi kwa kiingilio, vyakula na vinywaji, maegesho ya magari, mabango ya matangazo, vyumba vya wageni maalumu na jina la uwanja lenyewe. Mpangaji hupata sehemu tu ya fungu hilo, na baadhi ya vitu hivyo havipati kabisa. Zaidi ya hapo, watazamaji 14,000 katika uwanja wa watu 20,000 huonekana umati wa kupendeza, lakini wakiwa ndani ya uwanja wa watu 45,000 huonekana kana kwamba wengine wamekwisha kuondoka, na mwaka 2013 wastani wa D.C. United haukufika hata hao 14,000. Wakati huo Columbus Crew walikuwa na uwanja wao tangu mwaka 1999 na Los Angeles Galaxy tangu 2003. Klabu iliyokuwa mfano wa kuigwa ilijikuta ikiwatazama wenzake kwa nyuma.

Haki itendeke kwa RFK lakini. Upande mmoja wa majukwaa ya chini ulikuwa wa kuhamishika, uliowekwa hivyo ili kupisha besiboli, na vikundi vya mashabiki kama Barra Brava na Screaming Eagles waliporukaruka pamoja, jukwaa zima lilipanda na kushuka nao. Wachezaji wa timu ngeni waliuona kwa macho ukidunda. Sijui mhandisi gani leo angethubutu kuidhinisha kitu cha namna hiyo, lakini ndicho ambacho mashabiki wengi walisikitika kukiacha.

Kabla ya Buzzard Point, mahali uwanja mpya ulipojengwa hatimaye, walijaribu wapi kwingine?

Walijaribu kwanza Poplar Point, ng'ambo ya mto Anacostia, ambako klabu ilitaka kujenga uwanja pamoja na nyumba na maduka. Mazungumzo na serikali ya Meya Adrian Fenty yalivunjika mwaka 2007. Mwaka 2009 klabu ilivuka mpaka wa jiji na kugeukia Kaunti ya Prince George's, katika jimbo la Maryland, na baraza la kaunti hiyo likapiga kura ya kupinga. Baltimore nayo ilitajwa kwa muda. Katika miaka hiyo vitisho vya kuhama vilikuwa vingi, na ninaamini kwamba vingine vilikuwa mbinu tu ya majadiliano, kwani hata wamiliki walijua kuwa klabu inayobeba jina la jiji hupoteza nusu ya thamani yake siku inapotoka nje ya jiji hilo.

Makubaliano ya Julai 2013 yalisema nini hasa, na nani alilipa?

Mwaka 2012 klabu ilipata wamiliki wapya, Erick Thohir wa Indonesia na Jason Levien wa Marekani, na Julai 2013, timu ikiwa tayari imezama mkiani, Meya Vincent Gray alisimama pamoja nao kutangaza hati ya awali. Eneo lilikuwa Buzzard Point, kusini-magharibi mwa jiji, karibu na uwanja wa Nationals, mahali palipojaa maghala, yadi za vyuma chakavu na mitambo ya umeme. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 300, igawanywe takriban nusu kwa nusu: jiji litafute ardhi, liisafishe na kuweka barabara na mabomba, nayo klabu ijenge uwanja kwa fedha zake.

Ugumu ulikuwa katika neno "litafute". Ardhi ile haikuwa ya jiji, bali ya wamiliki kadhaa wa binafsi. Mpango wa Meya ulikuwa kubadilishana: kampuni moja ya majengo itoe kiwanja chake cha Buzzard Point, nayo ipewe jengo la serikali la Reeves Center, lililoko makutano ya barabara za 14 na U, kitovu cha mtaa ambao bei ya ardhi yake ilikuwa ikipanda kila kukicha. Wajumbe wa baraza la jiji walihoji, na mimi nadhani walihoji kwa haki, kama bei iliyowekewa jengo hilo ilikuwa bei kweli au ilikuwa zawadi. Muriel Bowser, aliyekuwa mjumbe wa baraza na ambaye mwaka 2014 alimshinda Gray katika kura za maoni za chama chao, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Desemba 2014 baraza liliupitisha mradi kwa kauli moja, lakini likiwa limeondoa kubadilishana huko na kuweka ukomo wa dola milioni 150 kwa mchango wa jiji. Kiwanja kimoja ambacho mwenyewe hakukubaliana na bei, jiji lilikichukua mwaka 2015 kwa mamlaka yake ya kisheria ya kutwaa ardhi kwa fidia.

Kutoka hati ya awali hadi jembe la kwanza ardhini, Februari 2017, ilipita miaka mitatu na nusu. Msomaji mmoja ameuita muda huo uzembe, lakini kwa kipimo cha viwanja vya mijini, ambako kila futi ya ardhi ina mwenyewe na kila mwenyewe ana wakili, huo ni mwendo wa kawaida tu.

Kocha alinusurikaje? Kwingine angefukuzwa kabla ya Juni.

Ben Olsen aliichezea klabu hiyo kwa muda wote aliokuwa Marekani kama mchezaji wa kulipwa wa ligi hiyo, na wamiliki walikubali kwamba kikosi walichompa kilikuwa dhaifu. Kombe nalo lilimpa hoja, kwa kuwa lilileta tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi. Mwaka 2014 waliletwa wazoefu kama beki Bobby Boswell na mshambuliaji Fabián Espíndola, na timu ileile iliyopata alama 16 ikapata 59, ikaongoza Kanda ya Mashariki, mojawapo ya kanda mbili za ligi. Olsen akawa kocha bora wa mwaka, Hamid kipa bora. Nikiulizwa ni uamuzi gani wa wamiliki ulikuwa wa busara kuliko yote katika 2013, nitataja huu wa kutomfukuza mtu, kabla hata ya kutaja uwanja.

Uwanja ulipofunguliwa, ulibadilisha chochote uwanjani?

Ulibadilisha, na kwa haraka kuliko nilivyotarajia, ingawa nitaweka tahadhari moja.

D.C. United iliaga RFK tarehe 22 Oktoba 2017 kwa kufungwa 2-1 na New York Red Bulls mbele ya watu zaidi ya 41,000, wengi wao wakiwa wamekuja kuliaga jengo zaidi ya kuitazama timu. Uwanja mpya, Audi Field, wenye nafasi 20,000, haukuwa tayari Machi 2018 ligi ilipoanza. Kwa hiyo katika mechi 14 za kwanza timu ilicheza 12 ugenini, na hizo mbili za "nyumbani" zikachezwa Maryland, moja Boyds na nyingine Annapolis. Ilishinda mbili tu kati ya hizo 14, ikawa ya mwisho katika kanda yake, na waliokumbuka 2013 walianza kunong'ona.

Tarehe 14 Julai milango ikafunguliwa, Wayne Rooney akaingia kipindi cha pili kwa mechi yake ya kwanza, na Vancouver Whitecaps wakafungwa 3-1. Kati ya mechi 20 zilizobaki, 15 zilikuwa Audi Field. Timu ilishinda 12 kati ya 20 na kumaliza ya nne Mashariki. Wengi wenu mtakuwa mmeiona picha ya mwezi Agosti dhidi ya Orlando City, dakika za nyongeza, kipa wa D.C. akiwa amepanda kusaidia kona na lango likiwa tupu, Rooney akakimbia kurudi, akamnyang'anya mpira mpinzani kwa kuteleza, kisha akapiga krosi ndefu ambayo Luciano Acosta aliiunganisha kwa kichwa kuwa bao la 3-2.

Tahadhari yangu ni kwamba uwanja na Rooney vilifika siku moja, tena baada ya miezi minne ya kuishi ndani ya ndege, kwa hiyo anayedai kuwa uwanja peke yake ulifanya kazi hiyo anadai zaidi ya anachoweza kuthibitisha. Na faida ya kucheza nyumbani nayo ina kikomo chake: katika mtoano wa ligi, mwanzoni mwa Novemba, Columbus Crew walikuja Audi Field, wakatoka sare ya 2-2, na wakashinda kwa penalti. Mkwaju wa kwanza wa D.C. United aliupiga Rooney, na kipa akaudaka.