Kupunguza Bafa Hakuondoi Jita

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ameshusha bafa ya kompyuta yake (hifadhi ya muda ambamo sauti husubiri kabla ya kuchezwa) hadi sampuli 64, yaani vipande 64 vidogo vya sauti ya kidijiti, ili "kuua jita", na sasa muziki unakatakata. Ushauri huo unasambazwa kila kukicha na unawatesa watu bure, kwa sababu unachanganya mambo mawili tofauti kabisa.

Ucheleweshaji ni muda ambao sauti inasubiri kwenye bafa kabla ya kutoka. Gawa idadi ya sampuli kwa kasi ya sampuli (sampuli ngapi kwa sekunde): 256 kwa 48,000 ni kama milisekunde 5.3, na 1024 ni 21.3. Jita ni kuyumba kwa saa inayoamua kila sampuli igeuzwe kuwa volti wakati gani hasa, nayo hupimwa kwa pikosekunde. Kwenye sauti ya biti 16, wimbi la kHz 20 lenye nguvu kamili likiwahi au kuchelewa kwa pikosekunde 121 tu, kosa tayari limefika nusu ya hatua ndogo kabisa ya biti. Bafa haifiki huko.

Kwa hiyo anza na saa. Nani anashika mwendo? DAC, yaani kifaa kinachogeuza sauti ya kidijiti kuwa volti, ikiwa nzuri na ya USB ina kristali zake za saa, mara nyingi mbili: MHz 22.5792 kwa familia ya kasi ya kHz 44.1 na MHz 24.576 kwa familia ya kHz 48. Yenyewe ndiyo inayoiambia kompyuta ilete data kwa kasi gani. DAC za aina nyingine hulazimika kufuata mwendo wa kompyuta, na S/PDIF (njia nyingine ya kupitisha sauti ya kidijiti) huuchota mwendo kutoka kwenye mawimbi yanayopita ndani ya waya. Kwenye Linux tafuta namba ya kadi kwa `aplay -l`, kisha andika `cat /proc/asound/card1/stream0`, ukibadilisha 1 kwa namba yako. Angalia mstari wa Endpoint. Ukikuta ASYNC, saa iko ndani ya DAC, na hakuna programu ya kuchezea muziki itakayoirekebisha, hata wauzaji waseme nini. Ukikuta ADAPTIVE, DAC inafuata kompyuta, basi fedha yako iende kwenye DAC, si kwenye waya.

Mkatiko ni suala jingine: bafa imekauka kabla kompyuta haijaijaza. Mara nyingi kuna draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyoshikilia prosesa kupita kiasi. Kwenye Windows washa LatencyMon, programu inayoonyesha draiva zinazochelewesha, huku muziki unacheza, usome jina la draiva inayoongoza. Ya Wi-Fi ni mshukiwa wa kwanza, izime kwa muda usikilize tena. Tumia pia WASAPI ya kipekee (exclusive), njia ya Windows inayoipa programu moja DAC peke yake, ili mchanganyaji wa Windows asibadilishe kasi ya sampuli.

Kwenye PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux, fungua `pw-top` na uitazame safu ya ERR, inayohesabu makosa kama mikatiko hiyo. Namba ikipanda, weka bafa ya sampuli 1024 kwa kuandika:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024`

Ukitaka kurudi ilivyokuwa, weka 0 mahali pa 1024. Anayesikiliza muziki tu hapotezi chochote kwa 1024 au 2048. Sampuli 128 ni za anayepiga kinanda au kujisikiliza akirekodi.

ERR ikiendelea kupanda hata kwa 2048, usiiongeze tena bafa. Toa DAC kwenye habu ya USB, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha zima hali ya kuokoa umeme ya USB.